Alifika Mara Tatu

Shule niliacha darasa la tano, lakini jina la mtu naweza kulisoma. Nilichotaka ni kitu kimoja tu: iandikwe kwamba mke mwenzangu alifika hospitali.

Yeye alikuwa mkubwa, mimi mdogo. Tulisugua mawe ya kuchonga kule kijijini Tabaka miaka mingi, beseni moja la maji katikati yetu, msasa mkononi, mpaka sahani ya jiwe ing'ae. Msasa hautofautishi jiwe na kidole. Vidole vyetu vilibaki laini, bila mstari hata mmoja.

Uvimbe ulipomwanza tumboni, tulitumwa hospitali kubwa mjini Kisii. Huko humwoni daktari kabla ya kuweka kidole kwenye kioo kidogo chenye taa. Akaweka. Kikakataa.

"Pangusa, mama," karani akasema.

Akapangusa kwa leso. Vyote kumi vikakataa.

"Mashine haikuoni."

"Na wewe, unaniona?"

"Nakuona, lakini bila kidole faili haifunguki. Jaribu Jumanne ijayo."

Kitambulisho chake kilikuwa pale mezani, picha na kila kitu. Karani hakukigusa.

Nje mke mwenzangu alicheka. "Mdogo wangu, sasa nikiiba nyama jikoni kwako, utanishtaki kwa alama gani ya kidole?"

Jumanne ya pili, vilevile. Wiki iliyofuata nilimkataza kugusa jiwe, nikampaka mafuta vidoleni kila asubuhi kama mtoto. Jumanne ya tatu nilimshika kiunoni ili asianguke. Kioo kikakataa. Nyuma ya mlango tulimsikia daktari akikohoa. Jumanne ya nne tulikuwa matangani.

Baada ya mazishi nilienda kwa mkuu wa malalamiko. Mwanamke mpole, amevaa vizuri. Alinigeuzia kompyuta nione.

"Pole sana, mama. Hapa inaonyesha hakuwahi kufika. Angekuja mapema, angesaidiwa."

Nilitoka. Getini askari, mtu wa kutoka upande wa ziwani, akaniuliza, "Mama, leo umekuja peke yako? Yule wa vichekesho yuko wapi?"

Nikamwambia. Alivua kofia. Kisha akavuta daftari lake, lile anamoandika kila anayeingia, akalamba kidole, akafunua kurasa. Jina la mke mwenzangu lilikuwepo, kwa kalamu ya bluu, na saa aliyoingia. Mara tatu. Chini yake, langu.

"Piga picha haraka," akasema. "Mimi sijakuona."

Nikarudi juu na simu. Yule mkuu aliitazama picha. Akasema kompyuta haina mahali pa kuingiza kitu kama hicho. Nikamwambia basi aandike kwa mkono. Kalamu hakuwa nayo. Akaenda kuiazima katika chumba cha pili.

Wenye makosa nawajua. Ni karani aliyemwona mtu akaamini kioo. Ni wakubwa waliouleta mtambo huo huku kwetu, wasiulize mikono ya huku inafanya kazi gani. Na ni mimi, niliyekaa kwenye benchi nikimwambia apanguse tena, badala ya kuusukuma ule mlango.

Mkuu aliporudi, aliandika. Nikamwomba karatasi, nikaisoma herufi kwa herufi, na yeye akasubiri. Alifika mara tatu. Akapiga muhuri.