Kifuniko cha Enid

Treni ya kutoka Ipswich ilikuwa bado inakata mashamba yaliyotuama maji nilipoanza kuijutia nyumba niliyoipanga bila kuiona. Nimeishi Uingereza miaka mingi, nikihamahama kwenye miji ya bandari, lakini Suffolk sikuwahi kutia mguu.

Nyumba ilikuwa ya Leonard Pask, fundi mstaafu wa ishara za reli. Kesho yake binti yake Hilary angekuja kumchukua akaishi naye Leeds, nami ningebaki na funguo. Alinifungulia mlango akiwa amevaa aproni, na habari za safari hakuuliza.

“Macho yako mazima?”

“Mazima, mzee.”

“Basi acha begi hapo. Chai baadaye.”

Alinipeleka kwenye banda nyuma ya jiko. Harufu ilinipokea kabla ya taa kuwaka: mpingo. Nimeijua tangu utotoni, kwa wachongaji wa kwetu.

“Mti wenu huo,” alisema. “Nyie mnausubiri miaka mia, sisi tunaugeuza vumbi alasiri moja.”

Katikati ya banda lilisimama kerezo lake, mashine ya kunakshia mti, kubwa kuliko kitanda na la zamani kuliko babu yake, lenye droo za mahogani na gurudumu la kukanyaga kwa mguu. Makerezo mengine huzungusha mti mbele ya kisu. Hili lilifanya kinyume: mti hutulia, na kisu kidogo ndicho kinachozunguka kama nyuki kikichimba petali moja. Kisha mti husogezwa kidogo, ikachimbwa nyingine, mpaka ua lizunguke na kujifunga. Kipimo cha kusogeza ni matundu ya sahani ya shaba: unahesabu manne, unachomeka pini. Ukiruka moja hujui, mpaka ufike mwisho ukute nafasi ya petali ya mwisho haitoshi.

Macho ya Leonard yalififia zamani. Mkewe, Enid, ndiye aliyekaa kwenye kigoda na lenzi, akahesabu na kuchomeka; yeye akakata.

Aliondoa kitambaa. Chini yake palikuwa na kifuniko cheusi cha kijaluba, kikasha kidogo, kimenakshiwa nusu, kingali kimekamatwa na mashine.

“Pini hiyo aliichomeka Enid,” alisema. “Tangu afe sijamruhusu mtu aiguse.”

Enid alikuwa ameanza kusahau: birika motoni, jina la Hilary. Lakini alasiri ya pini ile, Leonard alisema, mkewe alimrudia mzima. Alihesabu, akaimba chini kwa chini, akamcheka anavyovuta chai kama farasi, wakacheka wote. Kesho yake hakumjua tena.

“Siku ile nilipewa nzima. Nataka kifuniko chake nacho kiishe kizima. Asubuhi aliyelinunua kerezo anakuja kulichukua.”

Nikakaa kwenye kigoda cha Enid na kuanza kuhesabu.

“Polepole, bwana. Mwenzio alihesabu kama anayebembeleza mtoto.”

“Sijawahi kubembeleza mtoto.”

“Inasikika.”

Tuliendelea hivyo, vumbi likinijaa kwenye kucha, hadi ikabaki petali moja. Nikahesabu, nikarudia.

“Mzee, yamebaki matundu matatu.”

Mguu wake ulisimama. “Umeruka.”

“Sikuruka.”

“Kila anayeruka husema hivyo.”

Akapeleka kidole gumba kwenye mti. Kilipita taratibu juu ya petali zangu, moja baada ya moja, kikaingia kwenye zile za Enid. Kikasita. Kikarudi nyuma, kikaja tena. Nilisogeza lenzi nikaona: kati ya petali mbili palikuwa na upana uliozidi kidogo tu, na baada ya hapo zote zilifuatana sawasawa.

“Ni yake,” alisema.

Nilimwambia kuteleza ni kwa kila mtu.

“Enid hakuwahi. Hata akiwa na homa.” Kidole kikarudi pale palipozidi. “Labda hapa ndipo alipokuwa akiimba. Na mimi, mpumbavu, nacheka.”

Petali ya mwisho hakuikata. Alikitoa kifuniko, akazima taa.

Asubuhi walikuja wachukuzi pamoja na mnunuzi, mkerezaji mwenzake, ambaye alikigeuza kifuniko mkononi.

“Leonard, unene upo. Nikwangue uso wote, tuanze upya? Sasa hivi, kabla hawajafungua boliti.”

“Acha.”

Hilary naye alikiona akiwa anamfunga baba yake mkanda wa gari. “Baba, hapa umesahau kumalizia.”

“Sikusahau, mama. Endesha.”

Alinipa mkono kupitia dirishani. Mkono mwingine ulikuwa mapajani juu ya kifuniko, kidole gumba kimetulia pale palipozidi upana. Gari lilikata kona kanisani.

Nilirudi bandani. Sakafuni palibaki matundu manne ya boliti. Kigoda hawakukichukua. Nilikaa juu yake nikijaribu kuhesabu polepole, moja hadi nne, kama anayebembeleza mtoto.