Shokapu ya Mbele na Mkono wa Kuchanja

Saa kumi na mbili na robo asubuhi nilisimama mbele ya ofisi ya mifugo ya Chanika, mjini Handeni, barua ya ajira mfukoni. Bwana Mifugo Mkuu alikuwa ameshafika. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia bila kuinua kichwa, kisha akanionyesha baiskeli iliyoegemezwa ukutani.

"Ofisi yako hiyo," alisema. "Ng'ombe hawaji hapa. Ukiumwa kiuno usiniletee mimi, mpelekee fundi wa tandiko."

Kazi yangu ilikuwa kuchanja ng'ombe dhidi ya kimeta na chambavu, magonjwa yanayoua ng'ombe ghafla, katika maboma ya wafugaji. Kwa chanjo zile unaivuta ngozi ya shingo kwa mkono mmoja, na kwa mwingine unaingiza sindano kati ya ngozi na nyama. Macho hayakusaidii. Vidole ndivyo vinavyokuambia sindano imefika wapi. Ukikosea, dawa inamwagika nje, na ng'ombe anahesabiwa amechanjwa ilhali hana kinga.

Foku ya baiskeli ile, yaani uma wa mbele unaoshika gurudumu, ilikuwa chuma kitupu. Kila jiwe la barabara lilipanda moja kwa moja hadi viganjani. Baada ya miaka michache nilianza kufika bomani vidole vimekufa ganzi, na ganzi haikuachia hadi jua lipande. Nilificha. Nilikuwa najifanya nachemsha sindano kwa muda mrefu ili vidole vipate uhai.

Mzee Lemali, mfugaji mwenye boma kubwa kuliko yote upande wetu, hakudanganyika. "Bwana mifugo," alisema mbele ya wanawe, "sindano zako zimeshaiva. Tuzipakue?"

Walicheka, nami nikacheka. Lakini sikulala vizuri. Zilikuwa zama za soko huria: maduka binafsi ya dawa za mifugo yalikuwa yamefunguliwa, na serikali ilikuwa inapunguza wafanyakazi. Bwana Mifugo Mkuu alituambia wazi kwamba atapita maboma mwenyewe kututazama tukichanja, kisha apeleke majina ya watakaobaki. Nilikuwa na mke, watoto na mkono usiosikia.

Ndipo nilipoona huko Segera, kwenye baiskeli za mitumba, foku yenye shokapu. Kila mguu wake ulikuwa na springi na vipande vya mpira ndani. Gurudumu likigonga jiwe, mguu unadidimia na kurudi. Niliinunua peke yake, nikampelekea fundi baiskeli wa Chanika aifunge.

"Unataka baiskeli iwe inakuamkia njia nzima?" aliuliza, akiibonyeza ikiinama na kuinuka. Lakini aliifunga vizuri.

Nilijifunza upesi kwamba shokapu ya mbele haiisaidii baiskeli yote. Kisanduku cha barafu chenye chupa za chanjo, kilichofungwa nyuma kwenye keria, kiliendelea kurushwa kama zamani, ikabidi nikitandikie gunia lenye nyasi. Ila mikono ilipona. Nilifika nikahisi hata joto la ngozi ya ng'ombe. Mzee Lemali aliacha utani wa sindano, na hiyo kwangu ilikuwa sifa.

Kosa lilikuja kwa njia ya wema. Kwa mafundi wetu, kuhudumia baiskeli ni kuifungua yote na kuiosha kwa mafuta ya taa. Fundi alipojua kuwa mkuu anakuja kunikagua, alinioshea baiskeli bure, foku ikiwa ndani ya beseni pamoja na vyuma vingine. Hakuna aliyefikiria kwamba mafuta ya taa hula mpira.

Asubuhi ya ukaguzi, nikivuka korongo kabla ya nusu ya njia, foku ilididimia na haikurudi. Niliifungua pale pale. Mipira ilikuwa imevimba na kulainika kama mkate uliochovywa kwenye chai. Nikipanda, nitafika kwa wakati na vidole vimekufa. Nikitembea, nitamweka mkuu juani akinisubiri.

Niliikokota baiskeli.

Nilipofika, Bwana Mifugo Mkuu alikuwa amesimama penye lango la boma la Mzee Lemali, kofia mkononi.

"Shikamoo, mzee."

"Wenzako wasio na mashokapu walinikuta au niliwakuta?"

"Uliwakuta, mzee."

"Na wewe?"

Nilianza kufungua kisanduku cha chanjo. Mzee Lemali ndiye aliyemjibu, bila kumtazama, "Ng'ombe wamefungiwa tangu alfajiri, mkubwa. Mgombeze akimaliza."

Nilichanja. Mkuu alikaa nyuma ya bega langu, akipapasa kila shingo kutafuta dawa iliyomwagika. Hakupata. Alivaa kofia, akaondoka, na kwa wiki kadhaa kila mlango wa ofisi ulipofunguliwa niliinua kichwa nikidhani majina yamefika.

Majina ya watakaobaki yalipobandikwa, langu lilikuwemo, nikiwa nimehamishiwa Mnyuzi, wilaya ya Korogwe. Kabla sijaondoka, Mzee Lemali alikata visahani vya mpira kutoka katambuga zake kuukuu, viatu vya tairi la gari, tukavipanga ndani ya foku kwa mpangilio niliouchora. Ilikuwa ngumu kidogo, lakini niliendesha nayo miaka mingi Mnyuzi, chini ya wakuu wawili, nikikataza mafuta ya taa yasiisogelee.

Sasa nimestaafu. Vijana huniuliza kama chombo kile kilikuwa na thamani, nami hujibu kwamba chombo huokoa kiungo kimoja tu, hivyo ujue kwanza ni kiungo gani kazi yako inakitegemea. Mimi nilikijua, ndiyo maana nilitembea. Ofisi ilinikata nusu ya posho kwa kuchelewa siku ile: shilingi mia saba na hamsini.