Pikipiki Ndefu ya Mwanarehema

Mwanarehema wa Mtongwe alikuwa mfupi tangu hapo. Akisimama nyuma ya karai lake la mahamri, mteja aliyekuja mbio humwona kilemba tu. Ufupi haukumsumbua mpaka alipoolewa na Abdulghani, bwana mrefu kama mlingoti, aliyekuwa na mzaha mmoja kwa miaka yote ya ndoa: "Mke wangu hamjamwona? Si yule kigoda aliyevikwa leso." Watu hucheka, naye hucheka nao, maana mwanamke asiyecheka mzaha wa mumewe huambiwa ana kiburi.

Mahamri yake aliyauza kwenye vibanda vya feri. Huyapeleka kwa bodaboda za watu, na bodaboda za watu huja zikitaka, kwa hivyo yalifika yamepoa na wenye vibanda wakanuna. Akadunduliza mpaka akaweza kununua pikipiki yake mwenyewe. Kuendesha alifundishwa na jirani yake Nyevu, mfupi mwenziwe, aliyekuwa akisambaza maji kwa pikipiki.

"Dadangu," Nyevu alimwambia, "siku ya kununua usitazame rangi. Panda, shusha miguu. Nyayo zote mbili zilale chini. Ukigusa kwa vidole, teremka, hiyo ni ya mtu mwingine."

Siku ya kwenda dukani, Abdulghani aliinama mwenyewe chini ya kitanda akamtolea viatu vyake vya harusi, vile vya soli nene.

"Vaa hivi. Watu wasikuone na ndara kama unakwenda kisimani."

Mwanarehema alifurahi. Ilikuwa zamani tangu mumewe amtazame miguu.

Dukani palikuwa na pikipiki nyeusi, fupi, kiti kimebonyea katikati. Aliipanda, na nyayo zikalala sakafuni mpaka visigino.

"Hii," akasema.

"Hiyo ni ya watoto," akasema Abdulghani. "Nikionekana nayo Likoni itabidi nihame." Akamvuta mkono mpaka kwenye nyekundu, imeinua matako juu kama mbuzi anayetaka kupiga. "Panda hii."

Alipanda kwa taabu.

"Si unafika?"

"Nagusa kwa mbele tu, bwana."

"Usijali, mama, kiti kikizoea uzito hushuka," akasema muuzaji, kijana wa bara aliyeitwa Brandon. Alisema hivyo huku anamtazama Abdulghani, ambaye ufunguo alikuwa nao mkononi tayari.

Asubuhi ya kwanza Mwanarehema alivaa ndara zake, kama siku zote za kazi. Barabarani alikwenda vizuri, kikapu kimefungwa nyuma. Kwenye mteremko wa kushukia feri, watu waliokuwa mbele yake walisimama ghafla. Akafunga breki, akashusha mguu wa kushoto kutafuta ardhi. Hakuikuta. Mguu ulishuka, ukashuka tena, na pikipiki ikaufuata.

Feri ilikuwa inataka kuondoka. Watu waliyaruka mahamri, wengine wakayakanyaga. Mmoja aliokota mawili akaenda zake.

"Shangazi, ungekuja na kigoda," akasema mwanabodaboda mmoja, na wenzake wakacheka kwanza kabla ya kumwinulia chuma.

Alifungwa plasta mpaka gotini. Wiki hiyo hiyo Abdulghani akajiunga na wanabodaboda wa steji ya feri akiwa na pikipiki nyekundu. Jioni hurudi, akala chakula kilichopikwa na Nyevu, akajinyoosha. Siku moja Mwanarehema akamwambia, "Bwana, nikipona tuiuze hii, tununue ile nyeusi."

Abdulghani alicheka mpaka akakohoa.

"Mwanarehema, wewe ni mtu mzima. Viatu vile alikupa nani?"

Mwanarehema akautazama mguu wake wa plasta.

"Nilijua ukiwa na ndara hutafika hata kwa kucha. Nilidhani utaogopa, uniachie. Kuanguka ni juu yako." Akanyoosha mkono. "Nisogezee maji."

Akamsogezea jagi.

Plasta ilipotolewa, kifundo kilikuwa kimeunga upande. Daktari alimwambia hakitakunjika tena, na mguu wa kushoto ndio wa kubadilishia gia. Basi hata ile nyeusi ingemshinda sasa. Hapo ndipo alipoacha kulia.

Ijumaa, Abdulghani alipokwenda msikitini kwa miguu, akamwita Randu, fundi wa viti vya pikipiki.

"Nipunguze sponji kiasi gani, mama?"

"Yote."

"Mzee ni mrefu. Magoti yatamfika kidevuni."

"Nimekuita kukata kiti au kunipimia mume?"

Randu akakata, akarudisha ngozi, akashusha na springi za nyuma. Mwanarehema akapanda. Nyayo zote mbili zililala chini, hata ule mguu uliopinda. Alikaa hapo kitambo, mikono kwenye usukani, injini imezimwa. Kisha akateremka, akaichukua sponji akaitia jikoni, ikaungua.

Abdulghani alirudi akiwa na haraka, abiria anamngoja steji. Alipokikalia kiti alizama.

"Nani kafanya hivi?"

"Mimi. Si pikipiki yangu?"

Hakuwa na wakati wa kumpiga. Aliondoka hivyo hivyo, magoti yamepanuka kama panzi, na steji nzima ilimwona anakuja.

"Mpisheni," akasema mmoja, "Mzee Kigoda amefika."

Kesho yake alitengenezesha kiti kipya, kirefu kuliko cha mwanzo. Haikumfaa kitu. Jina lilikwisha kumkaa. Siku hizi hata akina mama watokao kwenye feri, wasiojua lilikoanzia, husema tu, "Niitieni Kigoda," na yeye huitika, maana asipoitika abiria hupanda kwa mwingine.

Nyumbani hafanyi mzaha tena. Mwanarehema humpakulia, akakaa mbele yake na mguu wake mbovu ameunyoosha.

"Leo wamekuitaje?" humwuliza kila jioni, halafu humsogezea jagi.