Mistari Mitatu ya Wito wa Bibi

Enzi za Mwingereza, kule Masaki ya Kisarawe, alikuja Mzungu mmoja mwenye daftari kujifunza jinsi tunavyosema. Mimi, msichana wa darasa la nne mwenye kiherehere, nikawa msaidizi wake. Alinieleza kwamba usemi umepangwa kama sufuria za harusi, ndogo ndani ya kubwa: pumzi moja ina mafungu, fungu lina maneno, neno lina silabi, silabi ina sauti moja moja.

Bibi aliyenilea aliniita "mke mwenzangu", utani wa mabibi wote kwa wajukuu wa kike. Mgeni akaukatakata: m-ke-mwe-nza-ngu. Hata ile m ya mwanzo, alisema, ni silabi kamili. Miaka yote nimeitwa hivyo, kumbe nimebeba silabi tano!

Ikabaki sufuria kubwa kuliko zote, yaani wimbo wa sauti, inapopanda na inapotua. Alitaka amsikie Bibi akiniita kutoka shamba la mihogo, ila mimi kila mara niliitika upesi, nikamharibia.

"Leo usiitike," akaniambia.

Kwetu tunasema usikatae wito, kataa neno. Lakini nilitaka sifa. Nikajibanza naye nyuma ya mkorosho.

"Mke mwenzangu wee!"

Mgeni akachora mstari daftarini kuifuata sauti, ukapanda kidogo, ukashuka. Bibi akaita tena, akiivuta ile nza, na mstari wa pili ukawa mrefu. Mara ya tatu sauti yake ilipanda isishuke. Mgeni akachora huku akitabasamu.

Nikasikia jembe likianguka. Bibi alikuja mbio, kanga inaburuta, na aliponiona mzima akaketi mchangani.

"Nilidhani nyoka kakuuma, mwenzangu. Mbona huitiki?"

Mgeni alichana karatasi yenye ile mistari mitatu, akanipa iwe zawadi.

Bibi alifariki nikiwa mbali, nasomea ualimu. Sasa nipo Kibaha, mzee, na nimefundisha silabi hadi koo limekauka. Zile tano nazitamka zote, lakini nikitafuta sauti yake naisikia yangu tu. Nina hamu naye mno. Basi hutoa karatasi, nikaufuata mstari wa tatu kwa kidole mpaka unapoishia, juu, haujatua.

"Abee, Bibi," naitika.

Mjukuu wangu huniuliza nani kaniita.