Neno la Kizungu Matangani

Kilio cha kwetu Masafu kilikuwa na sauti yake nene, ya kupanda na kushuka, na mpaka leo naisikia nikiwa peke yangu. Enzi hizo za Mwingereza, mwanamke aliyefiwa alikimbia kulizunguka boma zima, mikono kichwani, akimwita marehemu kwa majina yake ya sifa. Akimaliza, alijifuta uso, akaketi, akaomba maji. Ndivyo mama yangu alivyomlilia mke mwenzake, Athieno, ingawa hawakuwa wamesemezana tangu mavuno ya wimbi. Alilia kushinda wote. Kisha akaketi, akampakata mtoto mchanga wa Athieno na kumnyonyesha, kama alivyokuwa akifanya tangu mwenzake alipougua, maana na yeye alikuwa na wa kwake titini.

Owor, kaka wa marehemu, karani wa reli kule Tororo, alikuwa amekuja kumchukua mtoto huyo. Alimtazama mama kwa dharau, akatoa neno moja tu: "Insincere." Baba akanigeukia mimi, msichana pekee wa boma lile aliyesoma misheni.

"Wewe nasoma Kizungu. Shemeji nasema nini?"

Nililijua neno lile. Mwalimu alitufundisha kwa mfano wa mgeni anayesifu chakula ambacho hakimpiti kooni. Nikisema, mama atanyang'anywa mtoto. Nikidanganya, Owor atanisuta mbele ya watu.

"Anasema mama anaonyesha huzuni ambayo hana moyoni."

Nilidhani mama ataruka, ataapa. Wapi! Alimhamishia mtoto titi la pili, akasema taratibu, "Ni kweli, shemeji. Athieno sikumpenda, na yeye hakunipenda. Nalia sababu hakuna mtu nazikwa kimya kama kuku. Lakini huyu mtoto, huyu napenda. Hiyo pia sema na Kizungu yako."

Owor alimtazama mtoto akinyonya, akainuka. Alirudi Tororo mikono mitupu, nami nikafurahi hadi chakula kikanishinda.

Baadaye nilifundisha Kiingereza miaka mingi, na neno lile halikunipa taabu kulieleza. Siku hizi matangani tuna vipaza sauti, na kila marehemu alipendwa na wote, hata na waliomdhulumu shamba. Nasikiliza tu. Mtoto wa Athieno sasa ni babu. Majuzi mjukuu wake alimwuliza, "Babu, mama aliyekuzaa alikuwa nani?" naye akamtaja mama yangu bila kusita. Nilikuwa nimekaa palepale, na sikumsahihisha.