Nimewaambia wafiwa watabasamu

Leo nimewaambia wafiwa watabasamu.

Msicheke kwanza.

Asubuhi nimetoka Biharamulo kwenda Nyakisasa kupiga picha za mazishi ya mzee mmoja. Mwezi mzima nilikuwa kwenye harusi tu, mdomo umeshazoea.

Familia ikajipanga nyuma ya jeneza, mjane katikati. Nikainua kamera, nikajisikia nikisema:

"Haya familia, tabasamu kidogo! Mmependeza!"

Kwaya ikakatisha wimbo.

Mtoto mkubwa wa marehemu akaanza kunijia, ngumi amekunja. Mama yake akamshika mkono, kisha akaniita mimi.

Nikapiga goti. "Shikamoo mama. Nisamehe, nimepitiwa."

"Marahaba. Umezoea harusi?"

"Ndiyo, mama."

Akatazama jeneza. "Mimi na mzee hatukuwahi kupigwa picha pamoja. Ndiyo hii tu."

Akanyoosha kitenge chake, akasogea hadi akaligusa jeneza.

"Piga. Ila safari hii nyamaza."

Nimepiga. Sikufungua tena mdomo mpaka naondoka, hata chakula nilikataa kwa kichwa.

Sasa niko kwenye gari narudi, uso bado unaniwaka.

Wapiga picha wenzangu, yamewahi kuwakuta haya, au ni mimi tu?