Salamu ya Kusimama

Shangazi Severina anawapikia wapasua mbao hapa Mafinga. Banda lake liko nyuma ya kiwanda, na asubuhi chapati zake hunukia kuliko mbao zenyewe. Mimi naishi kwake kwa sababu ya shule. Niko kidato cha tatu. Baba yangu, Aroni, ni mdogo wake, na yeye alibaki kijijini na babu Liberatus, baba yao.

Kwa babu, binti akimsalimia baba yake anapiga goti. Anashuka mpaka chini, anasema "Kamwene, baba," kisha anasubiri aitikiwe ndipo ainuke. Wazee wa Kihehe wanaoidai salamu hiyo bado wapo, na babu aliidai kuliko wote. Shangazi alipozidi kunenepa, magoti yalianza kuuma, yakavimba, mwisho yakakataa kukunjika. Siku moja akamsalimia babu amesimama, ameshika nguzo ya baraza. Babu akageuka akatazama kuku.

"Anayenisalimia amesimama ni mgambo wa kodi," alisema. "Na mimi kodi nimelipa."

Watu walicheka. Shangazi naye alicheka. Lakini babu hakuitika siku ile, wala hakuitika tena. Shangazi alikuwa akipeleka sukari, blanketi, dawa ya kikohozi, babu anapokea, halafu anamwambia baba yangu, "Mwambie dada yako blanketi ni zuri." Na dada mwenyewe amekaa palepale!

Basi aliposikia kwamba hospitali moja Mbeya inatafuta watu wanene wa kujaribu sindano ya kupunguza uzito, hakuwaza nguo wala urembo.

"Mimi nataka goti," aliniambia. "Goti moja tu, Eve. Hilo jingine wabaki nalo."

Alifundishwa kujichoma mwenyewe tumboni kila wiki. Sindano ilitaka kukaa kwenye ubaridi, naye akasema Mafinga kwenyewe ni friji. Nilimuuliza anajisikiaje.

"Njaa ilikuwa kama redio ya jirani, inapiga kelele kutwa. Sasa jirani kahama."

Akapungua mpaka sketi zikawa zinafungwa kwa pini. Mtaani wakaanza kunong'ona kwamba Severina anaumwa, ila anaficha. Mama Devota wa duka la jirani alimletea uji wa lishe huku analia. Shangazi akaupokea, akashukuru, akanipa mimi.

Krismasi ile tulikwenda kijijini. Shangazi alishuka kwa magoti yote mawili, uani, mbele ya watu. "Kamwene, baba." Babu alimtazama muda mrefu, kisha akamwekea mkono kichwani.

"Kamwene, mwanangu Severina."

Shangazi alibaki pale chini analia, mpaka babu akasema, "Inuka basi, utaniharibia sikukuu."

Sindano zilipoisha, Daktari Gloria wa kule Mbeya alituita akatueleza kwamba mtu akiacha sindano, uzito hupenda kurudi. Sasa walitaka kuona kama kidonge cha kila siku kinaweza kuushikilia palepale ulipofika. Nusu ya watu wangepewa kidonge chenye dawa, nusu kisicho na dawa. Vinafanana, na hata yeye asingejua nani kapata kipi mpaka utafiti uishe.

Nilishindwa kunyamaza. "Sasa yule asiye na dawa si anaonewa?"

"Bila yeye hatuwezi kujua kama ni dawa iliyofanya kazi," alinijibu. "Ndiyo maana tunaeleza kabla. Asiyetaka anakataa, na anayetaka kuacha anaacha."

Shangazi alisaini. Wiki ya kwanza akapata kichefuchefu, akafurahi kama aliyeshinda bahati nasibu.

"Nimepata chenye dawa! Ona, hata harufu ya mafuta siitaki."

Halafu redio ikarudi. Kwanza kwa mbali, baadaye mlangoni kabisa. Alikuwa anasukuma chapati amejifunga kitambaa mdomoni ili asionje. Wapasua mbao wakamtania, "Mama, unatupikia au unatupasua?" Nyumbani alikula mchicha mtupu, nami nikiamka namkuta jikoni amekaa, anatazama sufuria iliyofunikwa. Pini zikatoka kwenye sketi, moja moja.

Mtaa mzima ukashangilia!

"Umerudi, dada! Sasa umenawiri!" Mama Devota alimpigia vigelegele barabarani. "Sisi tulishaanza kupanga rambirambi!"

Shangazi alitabasamu, akaingia ndani, akafunga mlango.

Magoti yakakaza tena, naye akaacha kwenda kijijini. "Vidonge huanza taratibu," alisema. "Vikikamata nitakwenda. Siwezi kumnyang'anya baba kitu nilichokwisha kumpa."

Wakati wa mvua babu akaugua. Baba alipopiga simu, shangazi alikuwa na unga mikononi, kwa hiyo nikaiweka sauti kubwa.

"Dada, njoo. Mzee anakuulizia."

"Nitakuja. Mwambie mwezi ujao."

"Anasema uje hata umesimama."

Chapati ikaanza kuungua.

"Aroni, usinibembeleze. Baba yangu namjua, hawezi kusema hivyo."

"Kasema kwa mdomo wake, dada."

"Namjua baba."

Babu alifariki kabla mwezi huo haujaanza.

Msibani shangazi hakusogea kaburini. Alikaa kwenye kiti cha plastiki nyuma ya wanawake wote. Jirani aliyekuwa anamuuguza babu akaja kumpa pole, bila kujua anachokifanya. "Kila pikipiki ikipita mzee alikuwa anauliza, 'Ni Severina?' Mpaka akasema, 'Asimame tu, nimwone.'" Shangazi alifunika uso kwa kanga. Hakulia kwa sauti. Afadhali angelia.

Utafiti ulipoisha aliitwa Mbeya, nikamsindikiza. Daktari Gloria alisogeza kiti karibu.

"Mama Severina, wewe ulikuwa upande usio na dawa. Wengi waliopata dawa uzito wao haukurudi kama wako. Haukuwa uzembe wako hata kidogo."

"Kwa hiyo sikuwa mimi."

"Hukuwa wewe."

"Nilikuwa najifunga mdomo kwa kitambaa," shangazi alisema taratibu. "Nilidhani ni tamaa yangu. Nikamwonea baba aibu kwa ajili ya kidonge kitupu."

"Sasa tunaweza kukupa chenyewe, ukitaka."

Shangazi akaigeuzageuza mkononi pakiti aliyopewa. "Nitakunywa. Lakini nikampigie nani goti, daktari?"

Daktari Gloria alimshika mkono tu, nao wakakaa hivyo.

Wakati wa kurudi hatukufika Mafinga moja kwa moja. Kijiji chetu kinatangulia ukitokea Mbeya, na shangazi akamwambia konda atushushe. Kutoka barabarani hadi makaburini alipumzika mara nyingi, ameniegemea. Kaburi la babu lilikuwa bado udongo mtupu, na kuku wa baba walikuwa wanalichakura. Nikawafukuza.

Hakujaribu kushuka. Alisimama wima, mkono mmoja begani kwangu.

"Kamwene, baba," alisema. "Nimekuja hivihivi."

Kisha akainamisha kichwa, akasubiri aitikiwe.